Treg haina bastola, ina pampu

Juzi tena kwenye semina mtu kaweka slaidi, Treg (seli T zinazotuliza kinga ya mwili) imeshika bastola inailenga NK (seli za kinga zinazoua seli za saratani na zenye virusi), chini kaandika "Treg huua NK zikizidi". Jamani! Nimechoka kusahihisha kwa mdomo, naandika hapa mara moja yaishe.

Kama umeishi mtaa wenye mgao wa maji utanielewa. Bomba moja, nyumba kumi, jirani mmoja kafunga pampu. Hana ugomvi na wewe wala hajagusa koki yako, ila maji yakifunguliwa saa nane usiku yeye anajaza tenki, wewe ndoo yako inadondokewa matone. Maji hayo ndo IL-2, protini inayochochea seli za kinga zizaane, pampu ndo CD25, kipande cha risepta kinachoinasa IL-2 kwa nguvu, jirani ndo Treg, wewe ndo NK. NK nyingi hazina CD25, zina risepta ya beta na gamma peke yake, inayoishika IL-2 kwa nguvu pungufu kama mara 100 hivi, sasa hapo utashindana na nani? Na Treg yenyewe haijitengenezei IL-2, Foxp3, protini inayoongoza jeni za Treg, imeifungia jeni ya IL-2, kwa hiyo inakunywa ya T wasaidizi (seli T zinazoamsha kinga), wakichachamaa wakaimwaga nyingi Treg nazo zinazaana kwa hiyohiyo, zinakunywa zaidi, NK zinatulia. Kwa hilo hazifi, maana uhai wake unashikiliwa zaidi na IL-15, ndugu yake IL-2.

TGF-beta, protini ya kutuliza ambayo Treg nayo huitumia, ipo, ndiyo, inashusha NKG2D, risepta ya NK ya kutambua adui, sibishi.

Marekani 1992 waliruhusu IL-2 itibu saratani ya figo iliyosambaa, wakitaka seli T na NK zipandwe na hasira, kumbe ukipima damu ya wagonjwa Treg nazo zimejaa. Si ndo walimwaga maji mtaani kwa mwenye pampu!

Ila kuna kitu kinanisumbua. Ushahidi mwingi ni wa panya waliowekewa risepta ya sumu ya dondakoo kwenye jeni ya Foxp3, unawapa sumu, Treg zinakufa, siku chache NK zimeongezeka. Sawa, lakini Treg zikiondoka T wasaidizi nao wanalipuka na kumwaga IL-2 kibao, sasa NK zimeneemeka kwa sababu jirani kahama au kwa sababu maji yameongezwa? Ukiizuia IL-2 kwa antibodi ongezeko linashuka, ila hilo halitenganishi hayo mawili hata kidogo. Na kwa binadamu zile NK zenye CD56 (alama ya juu ya seli) nyingi zinabeba CD25 kiasi, yaani nazo zina kapampu kao kadogo, hapo mfano wangu unavuja, najua, msinitumie meseji.