Barua ya mheshimiwa haikupi nafasi ya uzamili

Kila msimu wa maombi ya shahada ya uzamili, hasa zile programu za Erasmus Mundus, yaani uzamili wa pamoja wa vyuo vikuu kadhaa unaofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, zinazogombaniwa na watu wa dunia nzima, nasikia ushauri uleule: "Tafuta mkubwa akuandikie barua ya mapendekezo." Basi kijana anamwacha mhadhiri aliyemsimamia utafiti, anashinda kwenye benchi la ofisi ya mbunge. Inaniuma sana.

Kamati ya udahili haimjui mbunge wako. Inatafuta ushahidi kwamba masomo utayamudu. Mheshimiwa ataandika, "Namfahamu kijana huyu, ni mwadilifu na mchapakazi," na hapo amemaliza. Mhadhiri aliyekaa nawe maabara ataandika kwamba ulipoona vipimo vya maji havilingani, ulirudi kisimani kuchukua sampuli upya, ukaanza mwanzo. Sentensi hiyo moja ina uzito kuliko muhuri wowote. Bosi wa kazini naye anafaa, ilimradi amekusimamia kweli.

Mwendee mhadhiri mapema, walau mwezi mzima kabla. Mpelekee transkripti (orodha ya alama zako za chuo), rasimu ya barua yako ya motisha, ile unayoeleza kwa nini unaitaka programu hiyo, na maelezo ya programu, umkumbushe ulifanya nini darasani kwake. Anafundisha mamia, kukusahau si dharau.

Na wala usisubiri cheti mkononi. Erasmus Mundus hupokea maombi ya walio mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, mradi wahitimu kabla masomo hayajaanza.