Dawa ya thairoidi haili mifupa, dozi iliyozidi ndiyo inayokula

"Daktari, ile dawa ya thairoidi nimeiacha. Nimeambiwa inakula mifupa." Maneno haya nimeyasikia kliniki mpaka nimechoka. Anayeyasema mara nyingi ni mama aliyekwisha kukoma hedhi. Mkononi ana majibu ya DEXA, kipimo cha uzito wa mifupa, yenye alama ya T ya -2.7, yaani mifupa iliyopungua sana, na hesabu ameshaipiga: dawa alianza zamani, mifupa sasa imepungua, basi mwizi amepatikana. Hesabu hiyo haijakaa sawa, na anayelipia kosa lake ni yeye mwenyewe.

Kidonge chenyewe, levothairoksini, ni T4 (thairoksini), homoni ileile inayotengenezwa na tezi ya thairoidi. Tezi ikishindwa kazi, au ikiwa imeondolewa, kidonge kinajaza pengo. Mfupa hauna namna ya kujua kama T4 inayoufikia imetoka shingoni au kwenye pakiti. Unachohisi ni kiasi tu.

Na kiasi ndicho chenye maneno. Mfupa ulio hai haukai kama ulivyo. Kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na nyingine zinazojenga upya palepale, kama mafundi wa zamu mbili kwenye nyumba moja. Kwa mtu mzima mwenye homoni za kawaida, mzunguko mzima huchukua siku 200 hivi. Homoni ya thairoidi ikizidi sana, mzunguko hufupika hadi karibu nusu. Ubomoaji unashika kasi, ujenzi haupati muda wa kufukia kilichochimbwa, na kwa kila mzunguko hupotea karibu asilimia 10 ya mfupa wenye madini.

Hayo hayakuanza na vidonge. Mwaka 1891 daktari Mjerumani Friedrich von Recklinghausen aliandika habari za mwanamke kijana aliyefariki akiwa na thairoidi iliyopita kiasi. Mifupa yake mirefu ilikuwa imetobokatoboka kana kwamba imeliwa na wadudu. Thairoksini yenyewe haikutengwa maabara hadi 1914. Dada yule hakuwahi kumeza levothairoksini hata siku moja. Tezi yake mwenyewe ndiyo iliyomla.

Ndiyo maana mtu akiniletea DEXA mbaya namuuliza kwanza thairoidi yake ilikuwaje kabla hajaanza dawa. Wengi waliwahi kuugua Graves, ugonjwa unaoifanya thairoidi itoe homoni kupita kiasi, wakatibiwa kwa iodini ya mionzi au upasuaji, tezi ikanyamaza, ndipo wakaanzishiwa levothairoksini. Mfupa ulipotea ile miaka ya mwanzo, moyo ulipokuwa ukienda mbio na nguo zikipwaya. Ongeza hapo kukoma hedhi, dawa ya steroidi kama prednisoloni kwa muda mrefu, sigara, mzazi aliyevunjika nyonga. Kidonge kimekuja mwisho, na lawama zote kinabebeshwa chenyewe.

Kipimo cha kuangalia ni TSH, homoni inayotoka kwenye ubongo kuiamuru thairoidi: homoni ya thairoidi ikizidi, TSH hushuka; ikipungua, TSH hupanda. Kama TSH iko ndani ya kiwango, yaani kati ya 0.4 na 4.0 hivi kwa maabara nyingi, dawa inafanya kazi iliyotakiwa na mifupa haina ugomvi nayo. Ikishuka chini ya 0.1 na kukaa huko, hapo tunazungumza lugha nyingine: hatari ya kuvunjika nyonga inapanda, hasa kwa mwanamke aliyekoma hedhi, na moyo nao unaweza kuanza kupiga bila mpangilio. Kwa hiyo ukiniuliza kama dawa hii ni mbaya kwa mifupa, nitakuuliza TSH yako ya mwisho ilikuwa ngapi. Usiponijibu, hatujaanza mazungumzo.

Dozi huzidi kwa njia tatu ninazokutana nazo kila mara. Ya kwanza ni ya makusudi: mtu anaongeza nusu kidonge kwa sababu anajisikia mwepesi na kilo zinashuka. Tafadhali. Hii si dawa ya kupunguza unene, na miongoni mwa kilo zinazoondoka kuna mfupa na misuli. Ya pili ni uzembe wa pande zote mbili: dozi iliyopangwa mtu akiwa na kilo 85 na miaka 45 inaendelea kuandikwa akiwa na kilo 60 na miaka 70. Dozi ya kuziba pengo lote kwa mtu mzima ni kama maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, na uzee kwa kawaida huipunguza, hauiongezi.

Ya tatu ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu inaanzia kwenye nia njema. Mama anaambiwa mifupa imepungua, anaandikiwa kalsiamu. Ili asisahau, anaimeza asubuhi pamoja na levothairoksini, kwa maji yaleyale. Kalsiamu inaishika homoni tumboni na sehemu yake inapita bila kufyonzwa. TSH inapanda. Daktari anaona dozi haitoshi, anaipandisha kutoka maikrogramu 100 hadi 125, kisha 150. Miezi inapita, kalsiamu inamfungisha choo, anaiacha bila kumwambia mtu. Sasa ile 150 yote inaingia. TSH inaporomoka hadi 0.05 na mzunguko wa mfupa unaanza kukimbia. Mwaka unaofuata DEXA imezidi kuwa mbaya, na jirani anamwambia: si nilikwambia dawa hiyo inakula mifupa?

Halafu anaiacha. Wiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili hakuna kitu, naye anajiambia kumbe hakuihitaji. Alikuwa akitumia akiba, maana T4 huchukua siku 7 hivi kupungua nusu mwilini. Baadaye vinakuja uchovu, baridi, lehemu juu na misuli iliyolegea, na mwenye misuli iliyolegea huanguka. Mfupa wenyewe haupati faida yoyote. Homoni ikipungua sana, mzunguko huburuta hadi siku 700 hivi, na mfupa unaochelewa kukarabatiwa usidhani ndio imara.

Kundi moja ni tofauti, nalo ni la waliotibiwa saratani ya thairoidi. Baadhi yao TSH hushushwa kwa makusudi ili isichochee seli zilizobaki. Daktari anajua kwamba mfupa unaweza kulipa, na anapima kipi kina uzito zaidi. Lakini hata hapo lengo si moja kwa wote, wala si la maisha. Saratani iliyokuwa na hatari ndogo, ikikaa miaka bila dalili ya kurudi, mara nyingi TSH huruhusiwa kupanda tena. Usipunguze dozi mwenyewe. Uliza: TSH yangu inatakiwa kuwa ngapi, kwa nini, na hadi lini? Kama umekoma hedhi, uliza na DEXA papo hapo.

Dawa yangu kwa fujo hii yote ni saa. Levothairoksini na kalsiamu zitengane kwa saa 4, na vidonge vya madini ya chuma vivyo hivyo. Wengi hufundishwa kuimeza alfajiri, tumbo tupu, nusu saa hadi saa nzima kabla ya chai au kahawa, na hakuna ubaya. Mimi nawahamishia usiku wakati wa kulala, angalau saa 3 baada ya chakula, na wenzangu wengine hunicheka kwa kung'ang'ania hili. Nang'ang'ania kwa sababu asubuhi ya mwenye osteoporosisi, yaani mifupa iliyopungua na kuwa dhaifu, imejaa tayari: alendroneti, dawa ya mifupa, ya miligramu 70, mara moja kwa wiki, inataka tumbo tupu, glasi nzima ya maji ya kawaida, na nusu saa ya kukaa wima bila kula wala kulala. Levothairoksini ikienda usiku, alendroneti inabaki na asubuhi yake na kalsiamu inakwenda na chakula cha mchana. Ukihama, pima TSH baada ya wiki 6 hadi 8, maana ufyonzaji unaweza kubadilika na dozi pia.

Mengine nitayapitia haraka.

"Mifupa inaniuma, kwa hiyo imeisha." Osteoporosisi haiumi mpaka kitu kivunjike. Maumivu ya mwili mzima kwa mwenye thairoidi yanatokana zaidi na homoni iliyopungua, au na upungufu wa vitamini D. Cha kuangalia ni kimo. Ukipungua sentimita kadhaa, au mgongo ukianza kupinda, huenda pingili zimeshavunjika kimyakimya.

"Nikimeza kalsiamu ya kutosha sihitaji dawa nyingine." Mwanamke wa zaidi ya miaka 50 anahitaji kama miligramu 1,200 kwa siku, na hiyo ni jumla ya chakula na vidonge. Hesabu kwanza chakula, kisha ujazie. Zaidi ya hapo unakaribisha mawe ya figo. Mwenye alama ya T ya -3 aliyekwisha kuvunjika kifundo cha mkono hawezi kuokolewa na kalsiamu peke yake. Anayetumia omeprazo, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, ajue pia kwamba kalsiamu kaboneti inategemea asidi hiyo; kalsiamu sitreti inamfaa zaidi.

"Thairoidi imetulia, basi mifupa imepona." Inapona kwa sehemu. Baada ya Graves kudhibitiwa mfupa hurudi polepole, na kwa kijana hurudi zaidi kuliko kwa mzee. Wakati huo kipimo cha damu cha alkalini fosfatasi kinaweza kupanda, watu wakadhani ini limeharibika, kumbe ujenzi umeanza. DEXA irudiwe.

"Nimetolewa thairoidi, sina kalsitonini tena, mifupa itakwisha." Kalsitonini, homoni inayozuia ubomoaji wa mfupa, kweli hutoka kwenye thairoidi, lakini kuikosa hakuonekani kuwa na madhara makubwa kwa mifupa. Baada ya upasuaji mimi naziogopea tezi za parathairoidi, zinazotawala kalsiamu ya damu, ambazo kwa kawaida ni nne na zimejibana nyuma ya thairoidi. Zikiguswa, kalsiamu ya damu inashuka. Ganzi na mchomo kwenye midomo na ncha za vidole, au misuli kukakamaa, ni safari ya hospitali leo. Na mtu huyo asichomwe sindano ya denosumabu, dawa nyingine ya mifupa, wala kuanza alendroneti kabla kalsiamu yake haijakaa sawa.

"Hivi ni vitamini tu vya nywele, kucha na mifupa." Soma kibandiko. Ukikuta bayotini, aina ya vitamini B, kwa wingi, ujue inaweza kuvuruga kipimo chenyewe: kwenye mashine nyingi TSH husomeka chini na T4 juu wakati mwilini hakuna kilichobadilika. Daktari akipunguza dozi kwa majibu hayo, anatibu karatasi. Acha vidonge hivyo angalau siku 2 kabla ya kutolewa damu, na umwambie mpimaji.

"Haya ni ya wanawake." Wanaume huugua Graves, hunywa levothairoksini, huvunjika nyonga. Tofauti ni kwamba wao huja baada ya kuvunjika.

"Dawa ya mifupa nimeitumia mwaka mmoja, inatosha." Inategemea ni ipi. Alendroneti hubaki ndani ya mfupa, na baada ya miaka 5 hivi baadhi ya watu tunawapumzisha bila wasiwasi. Denosumabu huchomwa kila miezi 6 na haibaki. Ukiiruka, mfupa uliopatikana huondoka upesi, na kuna wanaovunjika pingili kadhaa kwa mpigo. Kama umeichoka, au fedha imekuwa ngumu, liseme hilo kabla ya tarehe ya sindano inayofuata, ili upangiwe dawa ya kushika nafasi yake.