Tundu kwenye kokwa la mwaloni ni la kutokea, si la kuingilia

Swali ninaloulizwa zaidi katika kazi yangu ya wadudu wa mbegu huja na kokwa mkononi. Mtu ameliokota chini ya mwaloni, ameona tundu la mviringo lenye upana wa milimita 3 hivi, na anataka kujua ni mdudu gani aliyetoboa na kuingia. Humjibu kwamba amechelewa, kwa sababu tundu hilo lilitobolewa kutoka ndani na aliyelitoboa ameshakwenda zake. Alama ya kuingilia ni kidoa cha kahawia kama ncha ya pini, ambacho mara nyingi hukaa karibu na ukingo wa kikombe kinachoshika kokwa, na bila kioo cha kukuzia ni rahisi kukipita.

Kidoa hicho ni kazi ya fukusi jike wa jenasi Curculio, yenye spishi zaidi ya 300. Curculio glandium wa Ulaya hutaga katika makokwa ya mwaloni, Curculio nucum katika kokwa za mti wa hazeli, Curculio elephas katika zile za chesnati na mialoni pia, na Curculio caryae wa Amerika ya Kaskazini katika zile za pekani. Mwili wa Curculio glandium una urefu wa milimita 4 hadi 8 tu, lakini domo la jike, jembamba na lililopinda, huweza kukaribia urefu wa mwili wake. La dume ni fupi zaidi, kwani yeye hana shimo la kuchimba. Wengi hudhani domo hilo ni sindano ya kufyonzea kama ya mbu. Sivyo: kwenye ncha yake mna mataya madogo mno, ambayo hutafuna kwa kwenda juu na chini, ilhali ya mbawakawa wengine wengi hukutana kutoka pembeni.

Jike huchagua kokwa lingali mtini na ganda lake halijakomaa. Huliegemeza domo, hutafuna kidogo, kisha huzungusha kichwa huku na huku kama fundi anayetumia keekee, na domo huendelea kuzama huku vipapasio, vilivyoota katikati yake, vikikunjwa pembeni visije vikazuia kazi. Ngozi ngumu ya domo inanyumbulika kiasi cha kunyooka ndani ya shimo na kurudia mpindo wake bila kuvunjika. Akimaliza hulichomoa, hugeuka, na kuingiza mrija wa kutagia katika shimo lile lile. Ganda huendelea kukomaa na jeraha hubaki kovu.

Buu anayeanguliwa ni mnene, mweupe wa maziwa, amejikunja kama mundu, ana kichwa cha kahawia, na hana mguu hata mmoja. Jambo hilo la mwisho ndilo la kukumbuka, kwa sababu ndani ya chesnati na makokwa ya mwaloni hupatikana pia viwavi wa nondo, kama vile Cydia splendana, ambao wana miguu na huacha nyuzi za hariri kwenye uchafu wao. Funza wa fukusi huishi ndani ya chakula chake, akijaza unga wa kinyesi pale alipokwisha kula.

Kokwa lililoshambuliwa mara nyingi huanguka mapema, na buu aliyekomaa hutafuna ile njia ya kutokea. Nimewatazama mara nyingi kwenye trei: kwanza kichwa cha kahawia huziba tundu, kisha mwili, ambao ni mpana kuliko tundu lenyewe, hujikamua kwa vipindi, ukibanwa kiunoni kama kifuko cha maji. Akiwa mtini, jambo hilo lingekuwa hatari. Akiwa chini, anaangukia udongo na kuuchimba papo hapo, sentimita 10 hadi 25. Humo hujitengenezea chumba cha udongo, na si lazima atoke mwaka unaofuata. Katika Curculio elephas, ndugu wa uzao mmoja huweza kutokea miaka tofauti, wengine wakilala miaka miwili au zaidi, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo hila bora ya mdudu huyu, kwa kuwa miti anayoitegemea huzaa sana mwaka mmoja na kunyima mwaka mwingine.

Je, mbegu imekufa? Si lazima. Kiinitete cha mwaloni, yaani sehemu inayochipuka kuwa mche, kiko upande wa ncha, ilhali mabuu mara nyingi huanzia upande wa kikombe, hivyo kokwa lililoliwa nusu huweza kuota, ingawa mche wake huanza na akiba ndogo. Anayehifadhi mbegu hupata taabu ya kipekee, kwa kuwa mbegu ya mwaloni hufa ikikaushwa, na kwa hiyo hawezi kuwaua mabuu kwa kuianika. Hutumika maji yenye joto la nyuzi 48 za Selsiasi kwa dakika 40, na kipimajoto kisiachwe mbali, maana joto likizidi kidogo mbegu nayo huenda. Kuelea majini, kunakochukuliwa kuwa dalili ya kokwa bovu, ni kipimo cha haraka tu: kokwa zima lililokauka kidogo huelea, na lenye buu mchanga huzama.

Tundu likishaachwa, hapo ndipo huwa la kuingilia kweli. Kiwavi wa nondo Blastobasis glandulella huingia na kula masalio, na sisimizi wa jenasi Temnothorax hulikuta kokwa limebaki ganda, wakahamia na malkia wao, mayai yao na mabuu yao, koloni zima ndani ya kokwa moja.