Rangi ya Geko si Cheti: Kabla Hujazalisha Albino

Malalamiko kuhusu geko albino, mijusi wanaofugwa nyumbani, yameongezeka mezani kwetu, na mengi ni ya aina moja. Mtu kanunua dume albino na jike albino, kawaweka pamoja, mayai yameanguliwa, na watoto wote wana rangi ya kawaida. Anakuja akisema katapeliwa. Mara nyingi hakutapeliwa. Hakuuliza.

Geko chui (Eublepharis macularius) wana koo tatu za ualbino zinazojulikana kwa wafugaji: Tremper, Rainwater na Bell. Mtoto huwa albino akirithi nakala mbili za hitilafu ileile ya jeni, moja kwa baba na moja kwa mama. Ukioanisha Tremper na Bell, mtoto anapata nakala moja ya huku na moja ya kule, hivyo hawi albino kwa upande wowote. Ila anazibeba zote mbili kimyakimya, na baadhi ya wajukuu wanaweza kutoka albino bila mtu kujua ni wa ukoo upi. Kwa macho huwezi kuwatenganisha kwa uhakika. Kinachotakiwa ni daftari: mzazi, mzazi wa mzazi, tarehe ya yai. Picha ya kwenye simu si daftari.

Na tuache kusema kila cheupe ni albino. Ualbino kwa reptilia na amfibia huathiri melanini, yaani rangi nyeusi na ya kahawia ya mwili, basi. Rangi ya manjano hubaki, ndiyo maana geko albino wengi ni wa manjano au machungwa. Aksoloti, amfibia anayeishi majini, akiwa mweupe mwenye macho meusi si albino hata kidogo.

Ualbino wenyewe geko huuvumilia, mradi apate maficho na asimulikwe na taa kali, maana macho yake hayana kinga ya kutosha. Shida kubwa ni rangi nyingine zinazochanganywa humo ili kupandisha bei. Rangi iitwayo Lemon Frost ilichunguzwa, na matokeo ya mwaka 2021 yakaihusisha na eneo la jeni SPINT1: zaidi ya asilimia 80 ya geko hao hupata uvimbe wa saratani wa ngozi. Wenye rangi ya Enigma wengi hushindwa kudhibiti msawazo wa mwili. Niliwahi kuletewa mmoja kwenye kisanduku cha plastiki. Nikamwekea nyenje mbele ya pua. Akainua kichwa akitazama juu, akazunguka upande wa kushoto mara tatu, kisha akang'ata mchanga. Nyenje yuko palepale. Mwenye geko akacheka: “Anacheza huyo, daktari.” Hachezi. Usimzalishe.



Sasa vibali. Hoja tunayoisikia kila wiki ni kwamba albino kazaliwa nyumbani, porini hayupo, kwa hiyo sheria haimhusu. Si kweli. CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, huorodhesha spishi, haiangalii rangi. Chatu Python regius na aksoloti wote wamo katika Kiambatisho II, orodha ya spishi ambazo biashara yake inadhibitiwa kwa vibali, wawe albino au la. Kabla mnyama hajavuka mpaka lazima kiwepo kibali cha kusafirisha nje kutoka mamlaka husika ya nchi anakotoka. Kibali hicho hudumu miezi sita, na kila shehena huhitaji chake. Nakala haichukui nafasi ya kibali halisi. Humo huandikwa herufi ya chanzo: W ni wa porini, F ni aliyezaliwa kifungoni lakini hajatimiza masharti ya kuitwa C, na C ni wa kizazi kilichozalishwa kifungoni kwa masharti kamili, pamoja na uthibitisho kwamba wazazi walipatikana kihalali. Kuandika C kwa sababu mnyama ni albino ni maelezo ya uongo. Nchi wanachama zinawajibika kuadhibu biashara inayokiuka mkataba, na mnyama hutaifishwa au kurudishwa alikotoka. Viwango vya adhabu hutofautiana kwa sheria za kila nchi. Ulizia kabla, si baada.

Kwa aliye na albino asiyejulikana ukoo: muoanishe na albino wa ukoo uliothibitishwa. Watoto wote wakitoka kawaida, wake ni ukoo mwingine. Wakitoka albino, umepata jibu. Watoto wa jaribio hilo wanaoonekana kawaida wauzwe kwa maandishi kwamba wanabeba jeni mbili tofauti, au wasizalishwe kabisa. Bei yao itashuka, hilo tunalijua.