Lebo kwa Configuration Wizard haijui jina la makro yako

Kuna kitu kwa Keil µVision, programu ya kuandikia kodi ya chipu ndogo (microcontroller), ambacho watu wengi hutumia bila kuangalia vile kinafanya kazi, nayo ni zile tagi tunaandika ndani ya komenti za faili ya konfigi ndio Configuration Wizard (wizadi) impe fundi menyu ya kubonyeza badala ya kusoma kodi. Sisi hapa Kisumu tunatengeneza kontrola za friji za sola, zile za kuhifadhi samaki, na fundi wa site hataki kuona kodi ya lugha ya C, anataka menyu ya Kiswahili. Angalia hii:

// <o> Muda wa kusoma joto kwa sekunde <5-600:5>
#define MUDA_JOTO 60

Mtu akiona hivyo anafikiri lebo, yaani yale maneno ya menyu, imefungwa kwa MUDA_JOTO, ile makro (jina ambalo #define inalipa thamani, hapa 60). Hapana. Tagi ya <o> ikiwa peke yake inachukua namba inayofuata kwa kodi, basi, jina haliangalii kabisa. Sasa mwenzako aje aweke #define VOLTI_BETRI 12 katikati ya hizo laini mbili, menyu itaonyesha 12 chini ya maneno "muda wa kusoma joto", fundi abadilishe iwe 300 akijua ni sekunde, kumbe ameandika volti za betri, na kompaila haitasema kitu kwa sababu 300 ni namba halali. Na tagi ya <o1> ndiyo inanisumbua zaidi, maana hiyo inaruka namba moja kwanza, so ukifuta laini moja tu hapo juu kila kitu kinasonga.

Kwa hivyo mimi naandika jina la makro ndani ya lebo yenyewe, "MUDA_JOTO: muda wa kusoma joto", hata kama menyu inakuwa ndefu. Hakuna chombo kinachokagua kama hayo mawili yanafanana, lakini angalau mtu anayepitia kodi ataona kwa macho. Lebo inakubali nafasi na maneno ya kawaida, makro ni herufi, namba na mstari wa chini tu. Alama za < na > siweki kwa lebo kamwe, hizo ni za tagi. Na sehemu yote ya wizadi lazima ianze ndani ya laini 100 za kwanza, so leseni ndefu juu ya faili ipunguze.

Urefu wa jina pia uangalie. C90, toleo la 1990 la kanuni za lugha ya C, inahakikisha herufi 31 za kwanza tu za jina la makro, C99, la 1999, ikapandisha hadi 63, na ukiwa na kompaila ya zamani, majina mawili marefu yanayotofautiana mwishoni tu yanaweza kuchukuliwa kama jina moja.

Halafu hii ndiyo mbaya kuliko zote: ukikosea spelling ya makro ndani ya #if, ile laini inayoamua kama kipande cha kodi kiingie kwa programu, C inahesabu jina lisilojulikana kama 0, kwa hivyo fundi amewasha alamu kwa menyu, wizadi imeandika 1 vizuri kabisa, na alamu haiko kwa programu. Kwa kompaila za GCC na Clang weka -Wundef, inayotoa onyo kwa jina kama hilo, na kwa kazi ya friji ya samaki mimi naweka -Werror=undef ndio bildi ikatae kabisa.