Figo hutengenezaje mkojo

Basi la mikoani linasimama kando ya pori, konda anatangaza "dakika tano, kuchimba dawa!" na abiria wanatawanyika vichakani. Katika dakika hizo tano, figo za kila mmoja wao zinachuja zaidi ya nusu lita ya maji kutoka kwenye damu. Karibu yote zinayarudisha. Kinachobaki kuwa mkojo ni kama kijiko kimoja cha chai.

Tumezoea kuambiwa kwamba figo ni chujio. Si uongo, ila ni nusu ya habari. Chujio la chai hukamata majani, chai ikapita, na mtu akiifikiria figo hivyo atadhani inakamata uchafu na kuiacha damu safi ipite. Figo hufanya kama mama siku ya usafi mkubwa: anatoa vyombo vyote uani, kisha anarudisha ndani kile anachokihitaji. Takataka haendi kuzitafuta. Ni zile zilizobaki uani.

Huo ni ujanja mkubwa kuliko unavyoonekana. Mwili hauwezi kuitambua kila sumu ya dunia hii, lakini vitu vyake unavijua: sukari, chumvi, maji. Kigeni kisicho na wa kukirudisha, mara nyingi safari yake ni nje.

Figo zenyewe ni mbili, zenye umbo la haragwe, urefu wa sentimita 11 hivi kila moja. Zimekaa mgongoni, huku na huku ya uti wa mgongo, zikifunikwa kidogo na mbavu za chini. (Anayeshika kiuno akisema figo zinamuuma, mara nyingi ameshika chini mno.) Kila dakika moyo huzipelekea damu ipatayo lita moja, takriban moja ya tano ya damu yote unayosukuma.

Ndani ya kila figo kuna vijirija karibu milioni moja viitwavyo nefroni. Kichwani mwa nefroni kuna kifundo cha mishipa myembamba sana ya damu. Mshipa unaotoka kwenye kifundo ni mwembamba kuliko unaoingia, kwa hiyo damu inabanwa na maji yanapenya kwenye kuta. Seli za damu na protini kubwa hazipiti. Maji, chumvi, sukari na urea, taka kuu ya mkojo, hupita. Kwa siku nzima yanachujwa maji kiasi cha lita 180, yaani madumu tisa yale ya lita 20.

Hapo ndipo kazi ya kurudisha inapoanza. Sehemu ya kwanza ya kijirija hurudisha kama theluthi mbili ya maji, na sukari yote. Sukari ina wabebaji wake maalumu, na wabebaji hao wana kikomo. Kwa mgonjwa wa kisukari inazidi uwezo wao, inabaki kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndiyo maana anakwenda haja ndogo kila mara, kiu haimwishi, na sisimizi wanakusanyika pale alipokojoa.

Baadhi ya vitu havingoji kuchujwa. Kuta za kijirija huvichukua kwenye damu na kuvitupa moja kwa moja. Penisilini ni mojawapo. Mwaka 1941 kule Oxford, dawa hiyo ilikuwa adimu kiasi kwamba iliokolewa kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa ili itumike tena.

Maji huamuliwa mwishoni kabisa. Ubongo hupima jinsi damu ilivyokolea, na ukikuta imekolea mno, tezi iliyo chini yake huachia homoni inayoiambia figo: rudisha maji zaidi. Abiria aliyejinyima maji tangu alfajiri kwa kuogopa safari atatoa mkojo kidogo, wa njano iliyokolea. Rangi hiyo hutokana na mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Pombe huizuia homoni hiyo, na mnywaji wa bia hujikuta anakojoa kuliko kawaida.

Urea, ile taka kuu, haitengenezwi na figo. Ini ndilo huitengeneza kutokana na protini tulizokula, figo ikawa ni ya kuitoa tu.

Kutoka hapo mkojo hushuka kwenye mirija miwili, ukisukumwa kwa misuli yake, hivyo hata ukilala utafika tu kwenye kibofu. Kibofu huanza kukusumbua kikishafika robo lita hivi, na huweza kubeba karibu mara mbili ya hapo kama dereva ni mgumu wa kusimama. Na ukishachimba dawa, kabla hujafunga zipu, matone mengine yameshaanza kushuka.