Skinner hakusema binadamu hana mawazo

Jamani hii imenichosha. Juzi tena mwanafunzi wangu kaandika eti wanatabia (wanasaikolojia wanaomweleza mtu kwa tabia zake na mazingira yake) walimwona mtu kama mashine, hana mawazo hana hisia, na kinara wao ni Skinner. Sio kosa lake, ndivyo anavyofundishwa: Freud na nafsi iliyojificha, halafu Watson na Skinner wakatupa kila kitu cha ndani, halafu watu wa utambuzi (wanaochunguza akili inavyofikiri na kukumbuka) wakaja kuokoa jahazi.

Watson sawa, huyo mtupieni lawama. 1913 alitaka saikolojia iachane kabisa na habari za mtu kujichungulia ndani na kuripoti anachokiona. Na alikuwa na sababu, manake watafiti wa Würzburg, Ujerumani, walisema kuna mawazo yasiyo na picha yoyote kichwani, mwanasaikolojia mwenzao Titchener akakataa, sasa nani aamue wakati kila mtu ni shahidi wa kichwa chake peke yake?

Lakini Skinner alimpinga kwenye hilohilo! 1945 aliandika kuhusu maumivu, kitu cha ndani kabisa, akauliza tunapataje neno la kitu ambacho mwenzako hakioni. Hebu fikiria mtoto anayejifunza kusema "naumwa". Mama yake hayaoni yale maumivu, anachoona ni mtoto kajikunja, kashika tumbo, analia, basi anamwambia pole mwanangu, tumbo linauma eeh? Siku nyingine mtoto analitamka neno hilo mwenyewe hata kabla hajashika tumbo. Neno limefundishwa kwa dalili za nje likaja kunasa kwenye kitu cha ndani, ndiyo maana rangi tunazitaja vizuri (mwalimu naye anaiona, anakurekebisha) ila hisia tunababaika. Kazini nakutana nayo kila mara, mtu ananiambia nina hasira, nikimuuliza mwili unakuwaje ananitajia mikono kulowa jasho, pumzi fupi, kutamani kukimbia. Hiyo ni hofu, ila hakuna aliyewahi kumpa neno lake.

Alichokataa Skinner ni kuishia hapo. "Kampiga mwenzake kwa sababu ana hasira", haya, na hasira imetoka wapi? Kwake hasira nayo ni sehemu ya tabia, nayo inadai maelezo: nini kilitangulia, na mara zilizopita alipopiga alipata nini. Kusema hivyo na kusema hasira haipo ni vitu viwili tofauti kabisa, na mtu akishavichanganya hawezi kuelewa kwa nini tiba za tabia zinafanya kazi.

Panaponisumbua mimi ni kwenye lugha. Mwanaisimu Chomsky alipokichambua kitabu cha Skinner kuhusu lugha mwaka 1959 aligusa penyewe: mtoto anatunga sentensi ambayo hajawahi kuisikia, hakuna aliyeituza, na inatoka imenyooka. Majibu ya upande wetu wanatabia nimeyasoma, nimeyafundisha pia, na bado hayanitoshi.